Mabuti ya theluji, mabuti ya ngozi na mawe ya lava: jibu kwa mwanafunzi wa Goma

"Jambo Papa. Mimi ni msichana, mwanafunzi wa jiolojia hapa Goma. Mwezi ujao tunaanza kazi ya tereni, yaani ya nje mlimani, na walimu wetu: kwanza kwenye lava ya 2002 na ya 2021 kaskazini mwa mji, halafu, siku ruhusa itakapopatikana, kwenye mteremko wa volkano ya Nyiragongo. Nimezunguka sokoni Birere nikapata jozi tatu. Ya kwanza ni mabuti ya ngozi, namba 41, mazito kidogo, yananibana upande wa kidole kidogo. Ya pili ni ya kitambaa na plastiki, mepesi, namba 42, na muuzaji anasema maji hayaingii. Ya tatu ni makubwa, ndani yana kiatu kingine cha povu, hayana kamba bali kitufe unachozungusha na waya unakaza, yameandikwa 26.5. Muuzaji anasema ni ya mlima, ya Ulaya. Hayo ya tatu ndiyo yaliyonikaa vizuri kuliko yote, mguu unatulia kabisa. Mguu wangu una sentimita 25 na nusu, kwa kawaida navaa 40. Nichukue yapi? Na kama ya tatu si yangu, nimtumie kaka yangu aliye Montréal? Yeye anavaa 43, na wenzake wanamwita waende Mont-Tremblant kuteleza kwenye theluji."

Mwanangu, umenirahisishia kazi. Wengi huniandikia kwamba kiatu "kinakaa vizuri" au "kinaumiza", basi. Wewe umeleta urefu wa mguu, namba ya kila jozi, mahali panapobana na kazi inayokungoja. Kwa hayo manne naweza kukujibu waziwazi.

Mabuti ya tatu yaache. Ya pili pia, karibu hakika. Chukua ya ngozi, ila kwa sharti moja kubwa linalohusu soli yake, na sharti hilo utalikagua wewe mwenyewe kwa kidole gumba kabla ya kutoa hata dola moja. Nitalifikia. Kwanza nataka uelewe kwa nini mguu wako uliyapenda mabuti ambayo yangekuumiza, maana usipoelewa hilo, balo jingine la mitumba likifunguliwa wiki ijayo utashawishika tena.

Hayo ya tatu ni mabuti ya kutelezea juu ya ubao wa theluji. Kiatu cha ndani kinachotoka, waya na kitufe, namba iliyoandikwa kwa sentimita: alama zote zinasema hivyo. Muuzaji hakukudanganya aliposema ni ya mlima, lakini mlima huo mtu haupandi kwa miguu. Anapandishwa na kiti kinachoning'inia kwenye waya, kisha anashuka amesimama kiubavu juu ya ubao, miguu yote miwili imefungwa kwa mikanda. Ni mchezo wa juzijuzi. Mwaka 1965 Sherman Poppen wa Michigan, Marekani, aliunganisha mbao mbili za kutelezea ili mabinti zake wasimame juu yake. Jake Burton Carpenter akaanza kutengeneza mbao zake huko Vermont mwaka 1977, na mwaka 1998 mchezo ukaingia katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Mwanzoni watu walivaa mabuti yoyote ya baridi waliyokuwa nayo. Yale maalumu yalikuja baadaye, na yale ya kitufe na waya yalianza kuuzwa mwaka 2001, kazi ya Gary Hammerslag wa Colorado na kampuni yake, Boa.

Kwa hiyo fundi aliyeyachora alijiuliza maswali tofauti kabisa na yako. Hakujiuliza mtu atatembea saa ngapi. Alijiuliza kama kisigino kitabaki chini. Mchezaji hugeuza ubao kwa kuegemea vidole, halafu visigino, halafu vidole tena. Anapoegemea vidole, kisigino kinataka kuinuka, na kikiinuka hata kidogo ndani ya buti, ubao unachelewa kumtii. Ndiyo maana buti la ubao linashika kisigino na kifundo cha mguu kwa povu nene pande zote. Ndiyo maana pia vidole vinatakiwa viguse ncha ya mbele, kidogo tu, mtu anaposimama wima, kisha virudi nyuma anapokunja magoti. Likiwa jipya na likiwa la kipimo chake, buti hilo hubana. Hubana mguu mzima kwa usawa, bila mahali pamoja penye maumivu, na mnunuzi anayejua huvumilia ubanaji huo kwa kuwa anajua povu litashindiliwa na kupanuka baada ya siku kadhaa za kuteleza.

Sasa tazama hali yako. Mguu wako ni 25.5, buti ni 26.5. Katika mabuti haya namba ni urefu wa mguu unaotakiwa kuingia, si urefu wa kiatu. Yaani lilitengenezwa kwa mtu ambaye mguu wake unakuzidi sentimita nzima. Tena limetoka kwenye balo, na povu lake limekwisha kushindiliwa na mguu wa mwenyewe wa kwanza, kwa umbo la mguu wake. Ulichokisikia pale sokoni ni nafasi iliyozidi, imefunikwa na ulaini. Umesimama, labda umepiga hatua chache kwenye sakafu, hakuna kilichokugusa, ukaona raha. Hata kama ungekuwa unakwenda kuteleza pamoja na kaka yako ningekuambia uyaache, maana kisigino chako kingecheza humo ndani.

Ulaini wa ndani na kukaa kwa kiatu ni mambo mawili. Ulaini unausikia papo hapo, ukiwa umesimama. Kukaa kwa kiatu kunajulikana pale mguu unaposukumwa: ukipanda, ukishuka, ukikanyaga jiwe lililoinama. Mabuti yote ya balo yaliyovaliwa sana ni laini, na ndiyo sababu watu hutoka Birere wakiwa na furaha na kurudi wakiwa na malengelenge.

Kuhusu mawe yenyewe, wewe ndiye mwanajiolojia. Unajua kwamba lava ya Nyiragongo ina silika kidogo, yaani kile kinachoifanya lava iwe nzito, na kwa hiyo inatiririka upesi mno. Unajua mlipuko wa mwaka 1977, na jinsi lava ya Januari 2002 ilivyopita katikati ya mji hadi ziwani. Ile ya Mei 2021 ilikata barabara ya Rutshuru na kusimama pembeni mwa mji, upande wa Buhene. Ninachokijua mimi ni kile inachoifanyia soli ikishapoa. Inakwangua kama tupa. Penye gamba jembamba inavunjika chini ya mguu na kukuachia ukingo wenye makali, na makali hayo hula mpira wa ubavuni, si wa chini peke yake. Soli ya buti la ubao ni mpira laini uliobandikwa juu ya povu, umekusudiwa kushika theluji na sakafu yenye maji mtu anapokwenda kunywa chai. Kwenye lava ya Kibati, panapoanzia njia ya kupanda Nyiragongo, ungeanza kuona povu mapema sana.

Kifundo cha mguu nacho kingeteseka. Buti la ubao limeinamishwa mbele kidogo na shingo yake ni ngumu hadi kwenye muundi, kwa sababu mchezaji anaishi amekunja magoti. Mpanda mlima anahitaji kifundo kinachokunjika anapopanda na kunyooka anaposhuka. Ukishuka na shingo ile, makali yake ya juu yatakusugua muundi kila hatua. Ongeza joto. Povu lile lipo kuzuia baridi ya chini ya sifuri, na wewe utakuwa juu ya mawe meusi saa sita mchana. Mguu utaloa jasho, ngozi italainika, na ngozi iliyolainika ndiyo inayochubuka. Halafu kuna waya. Kamba ikikatika tereni unaifunga fundo, au unaomba uzi kwa mwenzako, na kazi inaendelea. Waya huo ukikatika, au kitufe kikivunjika kwenye jiwe, buti halifungiki tena mpaka upate vipuri vyake, na vipuri hivyo havitoki kwenye balo.

Mtu mwingine atakuambia: basi yatamfaa anayekwenda Ruwenzori, maana kule kuna barafu. Hapana. Barafu ya Ruwenzori ni kweli ipo, ingawa inazidi kupungua. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, na wa kwanza kukifikia alikuwa Luigi Amedeo, mwanamfalme wa Italia mwenye cheo cha Duke wa Abruzzi, mwaka 1906. Lakini mtu anayetembea juu ya barafu ile hufunga meno ya chuma chini ya buti, na meno hayo yanataka soli ngumu isiyopinda. Buti la ubao linapinda katikati, meno yatafunguka.

Turudi kwa jozi mbili zilizobaki. Hapa tunahitaji hesabu kidogo. Namba za viatu tunazotumia ni za mtindo wa Kifaransa, kila namba ikiongeza theluthi mbili za sentimita, karibu milimita 6.7. Kwa hesabu hiyo 41 ni kalibu (umbo la mguu ambalo kiatu hutengenezewa) ya sentimita 27.3 hivi, na 42 ni sentimita 28. Mguu wako wa 25.5 unaachiwa karibu sentimita 1.8 katika 41, na sentimita 2.5 katika 42. Viwanda havifuati hesabu hii kwa uaminifu sawa, kwa hiyo usiiamini hadi utoe soli ya ndani ya kila buti, uiweke chini na usimame juu yake kwa uzito wako wote, kisigino kikiwa mwisho kabisa. Mbele ya kidole kirefu kuliko vyote pabaki upana wa kidole kimoja cha mkono, au zaidi kidogo. Pakibaki vidole viwili, ni kirefu. Fanya hivyo kwa miguu yote miwili, kwa sababu karibu kila mtu ana mguu mmoja mrefu kuliko mwenzake, na kiatu hununuliwa kwa mguu ule mrefu.

Hapa ndipo buti la ubao na buti la kutembea yanapoachana kabisa. Kwenye ubao vidole viguse mbele. Kwenye mlima visiguse kamwe, hasa ukishuka. Ukingo wa Nyiragongo uko mita 3,470, na kushuka kutoka huko hadi Kibati ni kama mita 1,500 za kwenda chini, magoti yakitetemeka, mguu ukisukumwa mbele kila hatua. Kidole kinachogusa mbele kwa wepesi sokoni kitakuwa kimegonga maelfu ya mara utakapofika barabarani. Kucha nyeusi za wapandaji zinatoka hapo, na wengi hulaumu mlima.

Mtu angeweza kusema: kama nafasi ya mbele ni nzuri, basi 42 ni nzuri zaidi. Sivyo, kwa sababu buti refu mno huuacha mguu wote uteleze mbele, na nafasi uliyoinunua inapotea ukianza tu kushuka. Angalia pia mahali buti linapokunjika. Mguu wako hukunjika pale kwenye upana wake, chini ya mizizi ya vidole. Buti nalo lina mahali pake pa kukunjika, na katika viatu vya balo utapaona waziwazi, ni ile mikunjo iliyokwisha kujichora juu. Mahali hapo pawili pakutane. Katika 42 nadhani utakuta mkunjo uko mbele ya upana wa mguu wako, na hapo utapigana na kiatu siku nzima. Mabuti ya kitambaa na plastiki hayajirekebishi: yalivyo leo ndivyo yatakavyokuwa hadi yapasuke.

Neno la muuzaji kuhusu maji lisikuvute. Mabuti ya namna hiyo yana utando mwembamba ndani unaozuia maji, na utando huo huchakaa pale pale mguu unapokunjika. Ukitaka kujua, tia karatasi kavu ndani, simamisha buti kwenye beseni lenye maji yanayofika chini ya kamba, subiri, kisha toa karatasi. Kwa kazi yako mimi sioni uzito mkubwa wa jambo hilo. Mvua ya hapa ikiamua kunyesha, maji huingia kwa juu, kupitia shingo ya buti, na utando unaozuia maji kuingia unayazuia pia kutoka.

Ya ngozi, basi. Unasema yanabana upande wa kidole kidogo. Jiulize vizuri: yanabana kutoka ubavuni au kutoka mbele? Kama ni mbele, buti ni fupi kwako hata kama limeandikwa 41, na hakuna fundi atakayelirefusha. Kama ni ubavuni, usihofu. Ngozi hupanuka kwa upana. Fundi viatu mwenye kalibu ya mbao ya kupanulia atalowesha mahali hapo, ataisukuma ngozi kutoka ndani na kuiacha usiku kucha. Milimita chache zinatosha kumpa nafasi kidole kidogo. Mwonyeshe mahali penyewe kwa alama ya chaki ukiwa umevaa buti, maana akilipanua buti zima atakuharibia sehemu zilizokuwa zinakushika sawasawa.

Kisigino nakitilia shaka kidogo, kwa kuwa mabuti ya 41 kwenye mabalo mara nyingi ni ya kiume, na kisigino cha mwanamke kwa kawaida ni chembamba zaidi. Vaa, funga, kisha panda ngazi au kilima chochote. Kisigino kikiinuka kidogo tu, kiasi cha karatasi nene, hiyo ni kawaida kwa buti gumu la ngozi na itapungua likizoea mguu. Kikiinuka kiasi cha kidole, una lengelenge linalokusubiri. Kabla ya kukata tamaa jaribu kufunga upya: gonga kisigino nyuma mara mbili chini, kaza kamba za juu ya unyayo, na pale kamba zinapogeuka kuelekea kifundoni piga fundo la mara mbili kabla ya kuendelea juu. Fundo hilo linatenganisha sehemu ya chini na ya juu. Unaweza kulegeza juu unapopanda ili kifundo kikunjike, na kukaza juu unaposhuka, bila chini kubadilika. Kipande cha kitambaa kizito kilichobandikwa chini ya ulimi wa buti nacho husukuma mguu nyuma na kusaidia sana.

Sasa lile sharti. Kaa nalo, kwa sababu ni hili ambalo wanunuzi wa Birere hawaambiwi.

Mabuti mengi ya ngozi ya mlima yana tabaka la povu kati ya ngozi na mpira wa chini. Mara nyingi povu hilo ni poliurethani. Ni povu zuri, linavumilia uzito na halishindiliki upesi, lakini lina adui mmoja: unyevu wa hewa. Unyevu unaingia polepole na kuvunja viungo vyake vya ndani, na unafanya hivyo hata buti likiwa limelala kabatini bila kuvaliwa. Hebu fikiria safari ya buti lako. Lilinunuliwa Ulaya, likavaliwa mara chache, likakaa miaka kwenye ghala la chini ya nyumba, likatolewa msaada, likakandamizwa kwenye balo, likavuka bahari ndani ya kontena, likafika hapa kwenye unyevu wa ziwa. Ngozi inang'aa. Meno ya soli yamejaa. Unalitazama unaona buti jipya. Unatembea nalo saa moja kwenye lava na soli nzima inabaki chini, imeachana na ngozi, povu likiwa limegeuka makombo. Mtu aliye mbali na barabara, mguu wake ukiwa juu ya makali yale bila soli, yuko katika hatari ya kweli.

Kwa hiyo kagua. Geuza buti ubavu utafute tabaka hilo kati ya mpira na ngozi. Libonyeze kwa kidole gumba kwa nguvu: likiwa zima litarudi, likiwa limekufa litabaki na alama, au litatoa unga, au litanata kidoleni. Likunje buti kwa mikono miwili huku ukitazama ubavuni kwenye mwanga. Nyufa nyembamba zikifunguka, rudisha. Kagua kisigino hasa, kwa sababu kuharibika mara nyingi huonekana hapo mapema. Kisha fungua ulimi usome kitambaa kilichoshonwa ndani: mengi yana mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Yakiwa yamepita miaka 10 na yana povu la namna hiyo, siyachukui hata yakiwa mazuri vipi, na nakusihi usiyachukue.

Unaweza kukuta chini ya soli alama ndogo ya njano yenye pembe nane, imeandikwa Vibram. Ni alama ya heshima. Vitale Bramani, mpanda milima wa Milano, alipoteza wenzake sita kwenye Alpi mwaka 1935, wakiwa na viatu visivyowafaa kwenye baridi, na mwaka 1937 akasajili soli ya mpira yenye meno ambayo buti la mlima limeiiga hadi leo. Lakini alama hiyo inazungumzia mpira wa chini tu. Haisemi lolote juu ya hali ya povu lililo juu yake. Wauzaji wanaijua na wanaionyesha haraka. Wewe itazame, kisha urudi ubavuni na kidole gumba chako.

Kama povu limekufa lakini ngozi ni nzima na buti linakukaa, kuna njia. Fundi mzuri atalitoa povu lote na kuweka soli nzito ya mpira wa gurudumu, kwa gundi na kwa uzi mzito kuzunguka. Buti litakuwa zito na gumu, na kwenye jiwe lililoloa litateleza kuliko soli ya kiwandani, lakini lava italila polepole. Ongeza gharama ya fundi kwenye bei ndipo uone kama bado ni rahisi, na mwonyeshe muuzaji makombo ya povu kabla hamjazungumza bei.

Siku ya kujaribu, nenda jioni, baada ya kutembea mchana, mguu ukiwa umevimba kama utakavyovimba tereni. Chukua soksi zile zile utakazovaa. Soksi za pamba ziache nyumbani: zinashika jasho na kukaa mbichi. Za sufu, au za mchanganyiko wa nailoni, zinapatikana kwenye mabalo kwa bei ndogo, na jozi moja nyembamba chini ya nyingine nene hupunguza msuguano. Beba mgongoni kitu kizito. Jambo hili wanafunzi wa jiolojia hulisahau: nyinyi mnashuka mkiwa wazito kuliko mlivyopanda, kwa sababu ya sampuli za mawe, na mguu wenye mzigo hutandaa, unarefuka na kupanuka. Buti linalotosha kwa begi tupu linaweza kubana kwa begi lenye mawe. Goma haikosi mahali pa kujaribia. Tafuta rundo lolote la mawe ya lava, panda, shuka, simama ubavu, piga ncha ya buti kwenye jiwe mara kadhaa. Vidole vikigusa, si lako.

Utawaona pia watu wakitembea mlimani na mabuti ya mpira ya mvua, na utajiuliza kwa nini uhangaike. Mabuti ya mpira ni mazuri kwenye matope, hayaogopi maji, na mtu aliyeyazoea tangu utotoni ana misuli ya mguu inayofanya kazi ambayo wewe unamwachia buti. Lakini hayashiki kisigino hata kidogo. Kwa mwanafunzi anayeanza, akiwa na mawe mgongoni, siyashauri.

Kuhusu kaka yako: usimtumie. Anayevaa 43 ana mguu wa sentimita 27 hivi, au kuzidi kidogo. Lile la 26.5 litamkunja vidole, na povu lililokwisha umbo halitamfuata. Kule Mont-Tremblant mabuti na ubao hukodishwa pale pale chini ya mlima, na kwa mtu anayeanza kukodi ni busara kuliko kununua. Mwambie apime mguu wake ukutani kwa sentimita kama ulivyopima wako, awape kipimo hicho badala ya namba ya kiatu cha mjini. Avae soksi moja tu, nyembamba kiasi, inayofika juu ya buti. Hapa ushauri wangu kwake ni kinyume cha wako, kwa sababu soksi mbili ndani ya povu hujikunja na kubana damu. Akisimama wima vidole viguse ncha kidogo, akikunja magoti viachie. Kisha ainuke kwa vidole kama anachungulia dirisha la juu: kisigino kikibaki chini, buti ni lake, kikiinuka, aombe dogo zaidi au la umbo jingine. Aombe buti laini, maana anayeanza anahitaji kifundo kinachosamehe makosa. Ugumu huandikwa kwa namba kuanzia 1 hadi 10, ila 5 ya kiwanda kimoja si 5 ya kingine, kwa hiyo alikunje mwenyewe aone. Na vidole vikianza kufa ganzi huko juu, kabla ya kudhani ni baridi, alegeze kwanza kitufe cha chini na mkanda wa ubao unaopita juu ya unyayo. Mara nyingi ni yeye mwenyewe amekaza mno, damu haifiki kwenye vidole.